Ndevu Zilizoinama Kushoto

Kisa hiki kinasimuliwa vibaya mtaani kote. Wengine wanasema mbuzi alikuwa mweupe, wengine wanasema walikuwa wawili, na yuko fundi viatu mmoja anayeapa kwamba mbuzi aliongea. Uongo mtupu. Mbuzi alikuwa wa kahawia, alikuwa mmoja, na hakusema neno. Tena hilo la kutosema neno ndilo lililoleta balaa lote. Kaa vizuri basi, ukisikie kinavyostahili kusimuliwa.

Kinyozi wa mtaa ule alikuwa mwanamke, na watu walimwita Wembe. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi tu. Ulimi wake nao ulinyoa, tena bila sabuni. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mrefu, mwembamba, mwenye mikono isiyotetemeka hata gari lipige honi mlangoni. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili vya kuzunguka, kimoja kizima na kingine kinachozunguka chenyewe bila kuombwa. Vyote alirithi kwa baba yake: viti, kioo chenye ufa pembeni, na mkono.

Mkono ndio wa kuzungumziwa. Baba mtu alikuwa wa mashoto. Binti alijifunza kazi akiwa amesimama nyuma yake, anaiga kila anachokiona, na ingawa yeye alishika mkasi kwa mkono wa kulia, aliiga mpaka mlalo. Basi ndevu zote zilizotoka kwake ziliinama kidogo upande wa kushoto, kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti. Mwenye ndevu hakuona. Mkewe hakuona. Lakini Wembe aliweza kusimama mlangoni saa za watu kutoka kazini akakuonyesha kwa kidole: huyu wangu, huyu wangu, yule kanisaliti kwa kinyozi wa stendi.

Kazini alikuwa hodari. Katika mambo ya moyo, hakumwamini mtu, na alikuwa na sababu.

Aliwahi kuwa na mchumba muuza magodoro, mtu wa maneno laini kuliko bidhaa yake. Huyo alisema kazi yake ni ya safari, leo huku kesho kule, na Wembe akamwamini miaka miwili mizima. Kumbe safari yenyewe ilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale, kwa mke na watoto watatu. Na watoto hao Wembe alikuwa akiwanyoa! Kila mwanzo wa mwezi mama yao aliwaleta, wakakaa kitini kwa zamu. Siku moja muuza magodoro akaingia dukani anatabasamu, na mtoto wa kati yuko kwenye kiti, kichwa kimenyolewa nusu. Mtoto akatazama kiooni, akapiga kelele kwa furaha: "Baba!"

Wembe alimaliza kukinyoa kile kichwa. Hilo watu hulisahau wakisimulia. Alikimaliza, akampangusa mtoto shingo, akampa pipi, ndipo akamgeukia baba mtu. Yaliyofuata hayasimuliki, ila tangu siku hiyo magodoro ya mtaa ule yaliuzwa na mtu mwingine.

Basi ikawa sheria. Neno la mwanamume, kwa Wembe, lilikuwa kama nywele zilizoanguka sakafuni: linafagiliwa. Mtu akisema amecheleweshwa na mvua, Wembe alimgusa bega aone kama limelowa. Akisema alikuwa hospitali, alimwomba cheti. Dada yake mkubwa, aliyeolewa na muuza nyama wa maduka machache kutoka pale, alimsifu kwa hilo. "Safi kabisa mdogo wangu," alisema. "Mwanaume hukaguliwa kama nyanya, unambinya kidogo."

Ndipo akaja Brashi.

Brashi alikuwa mchora mabango. Alikuja kupaka upya kibao cha duka, kilichokuwa kimefifia hata mgeni hakujua anaingia kunyolewa au kung'olewa jino. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi wa wastani, mwenye macho mapana na aibu nyingi. Ajabu yake ilikuwa kwenye ngazi. Wachoraji wengine hupanda wakishikilia kwa mkono mmoja na kumwomba Mungu kwa wa pili. Brashi alipanda mikono yote imeshika makopo, akasimama kwenye kijiti cha juu kabisa, akaanza kuchora kama yuko sebuleni kwake.

"Dada," aliuliza kutoka juu, "unataka maandishi ya namna gani?"

"Yanayosomeka."

"Na picha je? Mabango ya vinyozi huwa na picha ya kichwa kilichopendeza."

"Picha ya kichwa cha nani?"

"Naweza kujichora mwenyewe."

Wembe alitoka nje, akaweka mikono kiunoni, akamtazama. "Na hizo ndevu? Nitangazwe na ufagio? Shuka huko uje ukae kitini kwanza."

Akashuka, akakaa. Wembe alipozichana ndevu akakuta kovu chini ya kidevu, upande wa kulia, jembamba, limepinda kama mundu.

"Hili ulilipata wapi?"

"Seng'enge. Nilikuwa mtoto."

Wembe alilipitisha kidole. Ngozi anaijua kama mwalimu anavyojua daftari. "Kovu hili halina miaka mitano."

Brashi akatazama magoti yake. Mwanzo mbaya, utasema. Lakini alipomaliza kunyolewa alitazama kiooni muda mrefu, akasema, "Hakuna aliyewahi kunishika kichwa bila kunivuta." Akapanda ngazi yake akachora kichwa kizuri ajabu, na chini yake maneno: INGIA HIVYO HIVYO, UTATOKA VINGINE. Wembe hakumwagiza aandike hivyo. Aliyasoma mara tatu, akacheka peke yake, na mwenzangu, mwanamke mwenye sheria kali akishacheka peke yake, sheria imeanza kulegea.

Miezi saba ikapita. Brashi alikuja kila Jumamosi kupunguzwa ndevu, akabaki kuzungumza mpaka duka linafungwa. Alijua kusikiliza. Alijua kumchekesha mama wa watu wakati mkasi uko hewani, na Wembe akamgombeza kwa hilo huku akitabasamu. Mwisho wa mwezi wa saba akamwambia anataka kumuoa. Wembe akasema, "Nipe mwezi nifikirie." Alimaanisha: nipe mwezi nikuchunguze. Mwisho wa mwezi huo jibu lingekuwa moja kati ya mawili, awe mke wa Brashi, au amfagilie nje na nywele za jioni. Na moyoni, hakutaka kabisa kumfagilia. Hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Maana ushahidi ulikuwa mbaya. Brashi alipotea. Leo mchana yupo, jioni hayupo, simu inaita tu, kesho anarudi ana uchovu na majani kwenye nywele. Na nguo je? Katika mwezi ule mmoja alipoteza mashati matatu, suruali mbili na kiatu.

"Kiatu kimoja!" alisema dada mkubwa, akapiga makofi. "Sikia mdogo wangu. Mtu aliyeibiwa hupoteza viatu viwili. Kiatu kimoja hupotezwa na mtu anayeruka dirisha."

Shemeji yake muuza nyama naye alikuwa na la kwake. "Mchumba wako ananidharau. Akikaribia duka langu anavuka barabara. Salamu ananirushia kutoka ng'ambo kama mtu anayemrushia mbwa mfupa. Nimemkosea nini?"

"Hapendi nyama, shemeji."

"Sijamwambia anile. Nimetaka anisalimie."

Wembe akamuuliza Brashi mwenyewe: mashati yanakwenda wapi? Brashi akatazama sakafu. "Nilishtuka kidogo, nikaliacha."

"Ulishtuka, ukavua shati?"

"Ni mambo marefu."

"Nina kiti na nina muda."

Lakini Brashi alishika kofia yake akaaga. Jumatano iliyofuata akamwambia atakuwa mtaa wa nyuma, anachora ukuta wa duka la dawa. Saa nne asubuhi Wembe akafunga duka. Akamchukua dada yake. Wakaenda.

Walimwona wakiwa mbali. Brashi yuko juu kabisa ya ngazi, kopo la rangi ya bluu limening'inia karibu yake. Chini yake amesimama mwanamke aliyevaa koti jeupe, kikombe cha chai mkononi, anatazama juu na kucheka. Anacheka kweli kweli, kichwa nyuma.

"Umeona?" dada mkubwa akanong'ona.

 Magodoro yote ya dunia yalimwangukia Wembe kichwani. Akanyata nyuma ya lori lililoegeshwa pale, akavuta pumzi, akapiga ukelele uliosikika mpaka stendi: "BRASHI! LEO NIMEKUKAMATA!"

Kilisikika kishindo, kisha mlio wa bati, kisha kimya. Wembe akazunguka lori. Mwanamke wa koti jeupe amekaa chini, wa bluu kuanzia kichwani mpaka kiunoni, amefumba macho, bado ameshika kikombe. Kwenye ngazi limening'inia shati. Chini ya shati suruali. Viatu viwili kwenye kijiti cha tano. Na juu kabisa, miguu yote minne kwenye kijiti kimoja, amesimama mbuzi beberu wa kahawia, anatetemeka.

Mtu mwingine angemtazama mbuzi. Wembe alitazama suruali.

"Amekimbia uchi!" alisema.

"Na mbuzi je?" aliuliza dada.

"Mbuzi wa nini sasa, dada? Mbuzi ni wa watu!"

Mbuzi akaruka juu ya lori, kutoka lori akaruka chini, akatimua mbio. Hakuna aliyemfuata.

"Jamani," akasema mwanamke wa bluu kwa sauti ya upole, "mimi ndiye mwenye duka la dawa. Nina mume na nina rangi machoni. Yule fundi alikuwa ananisimulia habari za mchumba wake kinyozi, jinsi anavyogombeza wateja. Mnamjua?"

 Wembe alimfuta macho kwa kanga yake mwenyewe, akakusanya shati, suruali na viatu, akarudi kwake na mzigo wa ushahidi kwapani, na kila hatua ushahidi ukawa unazidi kumchanganya. Mtu asiye na kosa hukimbia uchi? Na mwenye kosa husimulia habari za mchumba wake kwa mwanamke anayemtongoza? Siku ile hakufungua duka tena.

Kesho yake asubuhi, akienda dukani na ule mzigo wa nguo, alipita kwa shemeji yake. Kwenye nguzo ya duka la nyama amefungwa mbuzi.

"Umeamkaje shemeji," alisema muuza nyama, anafuta kisu. "Tazama bahati yangu. Huyu nimemkuta jana mchana mbele ya mlango wako. Duka limefungwa, yeye anagonga kwa pembe. Anagonga, anangoja, anagonga tena. Mbuzi mwenye adabu namna hii sijamwona. Mpaka saa sita mwenyewe asipojitokeza, basi."

"Basi nini?"

Shemeji akatazama kisu. Mbuzi naye akakitazama.

Wembe alikuwa anaondoka. Alikuwa ameshageuka, naapa, mguu mmoja uko barabarani. Ila jicho la kazi halipumziki, na jicho likaona kitu. Akarudi. Akainama, akafumba jicho moja kama afanyavyo akikagua kazi. Ndevu za yule mbuzi zilichongwa chini kwa mkasi, safi, ncha moja. Na ziliinama kushoto, unene wa njiti ya kiberiti.

Alibaki ameinama muda mrefu. Kichwani mwake mashati matatu yalipita, suruali mbili, majani kwenye nywele, mtu asiyeyumba kwenye ngazi, mtu anayevuka barabara akiona duka la nyama. Kila kitu kikakaa mahali pake, na mahali penyewe palikuwa pa kichaa.

"Shemeji," alisema taratibu, "huyu mbuzi amenyolewa."

"Mbuzi hanyolewi ndevu."

"Huyu kanyolewa. Tena na mimi, Jumamosi."

Muuza nyama alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mke wangu! Njoo umsikie mdogo wako! Biashara imekuwa mbaya kiasi hicho, sasa unanyoa mifugo?"

"Mfungue. Ni wangu."

"Wako tangu lini? Unaishi chumba na sebule, mbuzi unamlaza wapi, kabatini? Lete ushahidi."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa neno lake mwenyewe. Wembe akasimama wima.  Alichotaka kusema hakikuwa na maana yoyote, na kama hakikuwa kweli, angekuwa kichekesho mpaka azeeke.

"Chini ya kidevu, upande wa kulia, ndani ya ndevu, ana kovu jembamba kama mundu, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Likikosekana, mchinje, na miguu nitakushikia mimi."

Mbuzi akamgeukia kwa macho ya mtu aliyesikia vibaya.

Muuza nyama akakunja mikono ya shati, akamshika mbuzi kidevu, akapangua ndevu kwa kidole chake kinene. Kicheko kikamwisha. Akapangua tena. Kisha akafungua fundo kwenye nguzo, akampa Wembe kamba. "Sitaki kujua," alisema.

Barabarani mbuzi alikataa kwenda. Alikaza miguu yote minne. Alikuwa anamwogopa muuza nyama, ndiyo, lakini zaidi alikuwa anamwogopa yeye, mwanamke wa ule ukelele, na Wembe aliliona hilo wazi. Akasimama. Hatua iliyofuata ilikuwa ngumu kwa mtu kama yeye. Alimvua kamba shingoni, akaitupa, akageuka akaanza kwenda dukani kwake bila kutazama nyuma. Alitamani kutazama, shingo ilimwasha. Alihesabu milango: fundi cherehani, fundi simu, muuza mkaa. Kwenye mlango wa nne akasikia kwato nyuma yake, taratibu, tak, tak, tak.

Ndani alivuta pazia, akatundika zile nguo kwenye ndoano, akamwonyesha mbuzi kiti kile kizima. Mbuzi akapanda, akakaa. Wembe akamfunga shuka jeupe shingoni kama mteja yeyote, akachukua kitana, akaanza kuzichana ndevu kwa upole, huku akizungumza mambo ya kawaida: joto la jana, bei ya sabuni, dada yake asivyojua kunyamaza. Alizungumza mpaka ule mtetemo ukaisha. Chini ya shuka kitu kikajinyoosha, kikapumua. Wembe akainua macho kiooni, akamkuta Brashi anamtazama kwa aibu, pembe hakuna.

"Samahani," alisema Brashi.

"Suruali yako iko kwenye ndoano," alisema Wembe, akageukia ukuta. Akajishikiza kwenye rafu ya mafuta.

Alipovaa, Wembe akageuka, na ugomvi ukaanza kama inavyopasa.

"Miezi saba na zaidi!"

"Najua."

"Nimekuchana, nimekupaka mafuta, nimekusimulia mpaka ya yule mshenzi wa magodoro, na wewe unakaa hapo una kwato!"

"Sina siku zote. Nikishtuka tu. Ni ya upande wa mama. Moyo ukitulia, narudi."

"Kwa nini hukusema?"

Brashi alishika kidevu. "Niliwahi kusema, kwa mmoja. Alicheka kwanza. Kesho yake akamleta kaka yake na kamba. Hili kovu nililipata kwa seng'enge kweli, ila sikuwa mtoto. Nilikuwa naruka."

Wembe akanyoosha mkono aliguse lile kovu, kisha akakumbuka bado amekasirika. "Ulinidanganya basi."

"Ndiyo."

Wembe akangoja lile linalofuata. Muuza magodoro alikuwa na linalofuata, maneno yote ya "siyo unavyofikiri" na "wewe nawe." Brashi hakuwa nalo. Alisema ndiyo tu, mikono juu ya magoti. Wembe hakuwahi kuisikia ndiyo ya namna ile kutoka kwenye kile kiti.

"Na wewe ulinifuata," alisema Brashi baadaye.

Ilikuwa zamu ya Wembe.  "Ndiyo," alisema. "Na kidogo nikuchinjishe."

"Uliahidi kushika miguu."

"Nilikuwa na hakika."

"Kweli?"

"Hapana," alisema Wembe, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka kile kiti kibovu kikaanza kuzunguka chenyewe.

Wakakubaliana. Brashi hatamficha kitu tena, na Wembe hatamfuata tena, wala kumtuma mtu. Jibu la ndoa likasogezwa mbele, maana Wembe alisema wazi, "La kwako la kusema ni rahisi. La kwangu la kukaa nisikufuate, sijui kama nitaliweza. Nikishindwa, tusioane tukaja kuteseka." Brashi akakubali. Kisha akapata kazi mji wa mbali, kuchora kuta za shule mpya, siku kumi. Akaaga mchana kweupe, mbele ya duka, akapita bila kuvuka barabara, akamsalimia muuza nyama kwa mkono. Muuza nyama alifurahi. Hakujua mkono ule ulikuwa umelowa jasho kwa nini.

Siku kumi zikaisha. Simu ilikuwa imezimwa tangu jioni ya siku ya kumi.

Siku ya kumi na moja Wembe alimkata mtu sikio, kidogo tu. Siku ya kumi na mbili dada mkubwa akaja na kiti chake, akakaa katikati ya duka. "Nenda kamwangalie."

"Siendi."

"Shemeji yako ana pikipiki. Kwa mwendo wa saa tatu umefika."

"Siendi, dada."

"Unajuaje atarudi?"

"Sijui."

"Sasa?"

"Si nimesema sijui! Ndiyo maana nimekaa."

Usidhani alikaa kama malaika. Siku ya kumi na tatu alifunga mkoba, akavaa viatu vya safari, akafika kwenye pikipiki, akaweka mguu. Muuza nyama akawasha. Wembe akasimama hivyo, mguu mmoja juu, moshi unampuliza. Alifikiria seng'enge. Alifikiria mtu anayeitwa kwa ukelele kutoka nyuma ya lori. Akashusha mguu, akamwambia shemeji yake samahani kwa mafuta yaliyoungua, akarudi kufagia duka lililokuwa limeshafagiliwa.

Siku ya kumi na nne, saa tisa alasiri, duka limejaa, Brashi akatokea mlangoni.

Mashine ilizimwa. Mtu mwenye povu shavuni alisahau kufunga mdomo. Brashi alikuwa pekupeku. Suruali ilikuwa ya mtu mfupi kuliko yeye, imeishia magotini. Na juu alikuwa amevaa blauzi. Blauzi ya kike, ya maua ya zambarau, yenye lasi shingoni.

"Blauzi!" alisema dada mkubwa, akasimama, akamshika mdogo wake mkono. "Amerudi na blauzi ya mwanamke mwilini! Sasa unataka ushahidi gani tena, akuletee na mwenyewe?"

Brashi alifungua mdomo. Alitazama wateja sita waliokuwa wakimtazama, akaufunga. Hakuwa na namna ya kueleza pale, mbele ya watu, na Wembe alijua hana.  Ile sheria ya zamani ilisimama moyoni mwa Wembe, mikono kiunoni, ikidai cheti.

Wembe akaweka mkasi chini. "Umekula?" aliuliza.

"Majani tu," alisema Brashi, na watu wakacheka, wakidhani anatania.

"Pita nyuma. Kuna chakula kwenye sufuria." Akamgeukia mwenye povu. "Na wewe funga mdomo, sinyoi meno."

"Humuulizi ya nani?" dada mkubwa alikuwa karibu kulia.

"Atasema akishashiba."

Na alisema, jioni, wateja wameondoka. Alikuwa kwenye basi la kurudi, tairi likapasuka, naye huyo, mbuzi tena. Nguo zilibaki kwenye kiti, simu kwenye mfuko wa nguo. Alitoka kwa dirisha, akakimbia mpaka kwenye nyumba moja ya pembeni, na bibi wa nyumba ile, mtu mwema, akamfungia zizini na mbuzi wake watatu. Siku nne! Kila moyo ukianza kutulia, bibi aliingia na ndoo akiimba kwa sauti ya tarumbeta, na Brashi anashtuka upya. Hatimaye bibi akaenda kanisani, moyo ukatulia, Brashi akaruka ukuta akachukua kilichokuwa kwenye kamba ya kuanikia. Hakukuwa na la kuchagua.

Hadithi ya ajabu, isiyo na shahidi wala karatasi. Wembe aliisikiliza yote, na kwenye habari ya tarumbeta alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipoacha kucheka alifuta macho akasema, "Haya. Nakuoa."

"Mimi ndiye nilikuuliza."

"Na mimi nimejibu. Kesho tunazirudisha hizo nguo za watu, zimefuliwa na kupigwa pasi."

Wakaenda wote wawili. Bibi alikuwa mfupi, mkali, na sauti yake kweli ilikuwa tarumbeta. Wembe akawahi kumshika Brashi mkono, akaushika imara, mpaka bibi akamaliza salamu. Bibi alipokea suruali na blauzi yake, akaigeuza, akasema imepigwa pasi vizuri kuliko anavyopiga yeye. Upepo ulizipeperusha, walimwambia, nao wakaziona njiani. Bibi akashukuru. Kisha akawatazama kwa huzuni.

"Wanangu, mlikopita hamkumwona mbuzi wangu? Beberu wa kahawia, mzuri huyo, ndevu kama za bwana harusi. Alikuja mwenyewe, akapotea mwenyewe, na nilishamzoea."

Wembe, mwanamke ambaye hakuwahi kuruhusu uongo upite mbele yake ukiwa mzima, alimtazama bibi machoni.

"Hatujamwona, bibi," alisema.

Brashi akapata kikohozi, na ikabidi atolewe nje.